Hisabati na Matawi Yake Makuu

Hisabati ni elimu inayoshughulikia idadi, maumbo, mabadiliko na mpangilio wa vitu, na madai yake husimama kwa uthibitisho. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoitenga na sayansi nyingine. Mtaalamu wa fizikia akipima jambo mara elfu moja na kupata jibu lile lile, ana haki ya kuridhika. Mwanahisabati haridhiki, kwa kuwa mara elfu moja si mara zote. Anachotaka ni hoja inayoonyesha kwamba jambo haliwezi kuwa vinginevyo, na hoja ya namna hiyo ikishapatikana haichakai: yaliyothibitishwa mjini Aleksandria miaka 2,300 iliyopita yangali kweli leo, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu tiba au unajimu wa zama zile.

Katika ratiba za shule matawi ya hisabati hupangwa kama masomo yanayofuatana: hesabu kwanza, aljebra na jiometri baadaye, kalkulasi mwishoni kwa wachache watakaofika huko. Mpangilio huo unafaa kufundishia, lakini unapotosha. Matawi haya hayakuzaliwa kwa zamu, wala hakuna linaloishi kivyake. Kila moja lilianzia kwenye swali, na mara nyingi jibu la swali hilo lilipatikana kwa kuvuka mpaka na kuingia tawi la jirani.

Tawi la kwanza kwa umri ni hesabu, yaani elimu ya namba na matendo yake manne: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye chale huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na sasa umehifadhiwa Brussels. Safu moja ya chale hizo ina makundi ya 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wapo waliorukia kusema kwamba mchongaji alizijua namba tasa. Dai hilo ni zito kuliko mfupa wenyewe: kuhesabu ni jambo moja, kujua ni namba ipi inagawanyika na ipi haigawanyiki ni jambo jingine. Kinachoonekana bila ubishi ni kwamba mtu fulani, kando ya ziwa hilo, aliona haja ya kuweka kumbukumbu ya idadi.

Hesabu inayofundishwa leo inategemea uvumbuzi wa Wahindi: tarakimu kumi, na thamani ya tarakimu kutegemea mahali ilipokaa. Brahmagupta, mwaka 628, aliandika kanuni za kutumia sifuri na namba hasi. Waarabu waliupokea mfumo huo na kuueneza, na kitabu cha Fibonacci cha mwaka 1202 kikawafundisha wafanyabiashara wa Italia. Anayetaka kujua thamani ya uvumbuzi huu ajaribu kuzidisha XLVIII kwa XXVII bila kuzigeuza tarakimu hizo za Kirumi.

Sehemu ndizo mahali ambapo hesabu inaanza kuhitaji fikra. Mfano mzuri unatoka katika mirathi ya Kiislamu. Mwanamume amefariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti wana thuluthi mbili kwa pamoja, na kila mzazi ana sudusi. Zikifanywa kuwa sehemu za 24, mke anapata 3, mabinti 16, baba 4 na mama 4. Jumla ni 27. Mafungu yamezidi mali! Wanazuoni wa Kisunni hutatua jambo hili kwa njia iitwayo auli: mali inagawanywa katika mafungu 27 badala ya 24, na kila mrithi anabaki na idadi yake ya mafungu. Thumuni ya mke inakuwa 3/27, yaani tusui, na kila mrithi anapunguziwa kwa kiwango kile kile. Uwiano kati ya warithi haukuguswa, ila ukubwa wa fungu ndio uliopungua. Mwanafunzi aliyeelewa hesabu hiyo ameelewa uwiano kuliko aliyekariri ukurasa mzima wa mazoezi.

Hesabu inapoacha kuuliza jibu ni ngapi na kuanza kuuliza namba zenyewe zina tabia gani, inakuwa nadharia ya namba. Kiini chake ni namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Je, zina mwisho? Euclid, aliyefanya kazi Aleksandria karibu na mwaka 300 KK, alithibitisha kwamba hazina. Chukua orodha yoyote yenye mwisho ya namba tasa, zizidishe zote, kisha ongeza 1. Namba inayopatikana haigawanyiki kwa yoyote iliyo katika orodha, kwa sababu kila mara hubaki 1. Basi ama yenyewe ni tasa, ama inagawanyika kwa namba tasa ambayo haikuwamo. Uwezekano huo wa pili husahauliwa mara kwa mara. 2×3×5×7+1 ni 211, nayo ni tasa. Lakini 2×3×5×7×11×13+1 ni 30,031, ambayo ni 59×509. Hoja ya Euclid haikudai kwamba jibu litakuwa tasa, ilidai tu kwamba orodha haikukamilika.

Tawi hili lina maswali yanayoeleweka na mtoto lakini yaliyowashinda wakubwa. Mwaka 1742 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler barua, na kutokana na barua hiyo likapatikana dai kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili, kama 28 ilivyo 5 na 23. Kompyuta zimelijaribu kwa namba kubwa mno bila kupata kasoro, na bado halihesabiwi kuwa limethibitishwa. Mwingereza G. H. Hardy, mwaka 1940, alijivunia kwamba nadharia ya namba haina matumizi ya kivita wala ya kiuchumi. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kuficha ujumbe inayotegemea ugumu wa kuigawanya namba kubwa katika namba tasa zilizoizaa, na tangu hapo elimu hiyo isiyofaa kitu imekuwa ikilinda miamala ya benki duniani kote.

Aljebra ilianza kwa swali la namba iliyofichika: kitu fulani hakijulikani, lakini mahusiano yake yanajulikana. Kitabu kilichoipa sura ya elimu kamili kiliandikwa Baghdad katika karne ya 9 na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, na sehemu yake kubwa inahusu mirathi. Chukua marehemu aliyeacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke ana thumuni. Kinachobaki wanagawana watoto, mwanamume akipata mara mbili ya binti. Fungu la binti likiitwa x, basi 2x + x + x + 1/8 = 1, hivyo 4x = 7/8, na x = 7/32. Mtoto wa kiume anapata 14/32, kila binti 7/32, mke 4/32.

Al-Khwarizmi mwenyewe hakutumia x wala alama yoyote. Aliandika kila kitu kwa maneno. Tatizo lake maarufu, kwa alama za leo, ni x² + 10x = 39. Alilitatua kwa kuchora. Mraba wenye upande x unazungukwa na mistatili minne, kila mmoja wenye upana wa 2½, na jumla ya eneo lote hilo ni 39. Umbo lililopatikana limepungukiwa na pembe nne. Kila pembe ni mraba mdogo wa 2½ kwa 2½, na minne kwa pamoja ina eneo la 25. Ukijaza pembe hizo unapata mraba kamili wenye eneo la 64, kwa hiyo upande wake ni 8. Ondoa 2½ kila upande, inabaki 3, nayo ndiyo x. Fomula ya milinganyo ya namna hii ambayo wanafunzi hukariri kidato baada ya kidato ni mchoro huu uliofupishwa. Jibu la pili, −13, halikumo katika kitabu, kwa sababu upande wa mraba hauwezi kuwa hasi.

Milinganyo yenye kipeo cha tatu na cha nne ilipata kanuni zake Italia, katika kitabu cha Girolamo Cardano cha mwaka 1545. Ile ya kipeo cha tano ilisumbua watu kwa karibu miaka 300, mpaka Mnorwe Niels Henrik Abel alipothibitisha mwaka 1824 kwamba kanuni ya jumla ya aina hiyo haipo. Évariste Galois, kijana Mfaransa aliyekufa katika pambano la bastola mwaka 1832 akiwa na umri wa miaka 20, alieleza sababu: kila mlinganyo una kundi la mabadilishano kati ya majibu yake, na muundo wa kundi hilo ndio unaoamua kama kanuni inawezekana. Kuanzia hapo aljebra iligeuka. Haikuwa tena elimu ya kutafuta x, bali elimu ya miundo, na miundo hiyo hiyo hutumika kueleza ulinganifu wa maumbo na wa fuwele. Ndugu yake, aljebra mstari, hushughulikia milinganyo mingi kwa mpigo kwa kuipanga katika majedwali ya namba, na ndiyo mashine kubwa iliyo nyuma ya picha za kompyuta na programu zinazojifunza.

Jiometri ni elimu ya maumbo, ukubwa na mahali. Wamisri walikuwa na kanuni za kazi: katika mafunjo yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmes karibu na mwaka 1550 KK, eneo la duara linapatikana kwa kuchukua 8/9 ya kipenyo na kuizidisha kwa yenyewe. Hiyo ni sawa na kusema kwamba pai ni 3.16, kosa lisilofika asilimia moja. Wagiriki walileta jambo jipya, nalo ni mpangilio wa hoja. Euclid alianza na madai matano yanayokubaliwa bila kuthibitishwa, akajenga juu yake vitabu 13.

Dai la tano, linalohusu mistari sambamba, lilionekana gumu kuliko mengine, na kwa zaidi ya miaka 2,000 watu walijaribu kulithibitisha kwa kutumia yale manne. Walishindwa kwa sababu haiwezekani. Nikolai Lobachevsky mwaka 1829 na János Bolyai mwaka 1832 walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba dai hilo likikataliwa hupatikana jiometri nyingine isiyojipinga. Bernhard Riemann akaipanua fikra hiyo mwaka 1854, na Einstein akaitumia mwaka 1915 kueleza nguvu ya uvutano.

Jiometri isiyo ya ubapa si jambo la mbali. Mtu akianza Nanyuki, penye mstari wa ikweta, akaenda moja kwa moja hadi Ncha ya Kaskazini, akageuka kulia kwa pembe mraba na kushuka mpaka ikweta, atafika visiwa vya Indonesia. Akirudi Nanyuki kwa kufuata ikweta, atakuwa amechora pembetatu yenye pembe mraba tatu, jumla yake nyuzi 270. Kwa sababu hiyo hiyo kutafuta kibla ni kazi ya hisabati. Makka iko karibu kaskazini halisi kwa watu wa Pwani ya Afrika Mashariki, ndiyo maana mihrabu za misikiti ya kale ya Kilwa na Lamu ziko ukuta wa kaskazini. Lakini Mswahili anayeishi New York akitazama ramani bapa ataona Makka iko mashariki na kusini kidogo, ilhali njia fupi juu ya tufe inaondoka kuelekea kaskazini-mashariki. Hesabu za namna hiyo ziliwafanya wanaastronomia wa Kiislamu wakuze trigonometria, tawi linalounganisha pembe na urefu wa pande, hadi kufikia pembetatu za juu ya tufe.

Mwaka 1637 René Descartes aliunganisha jiometri na aljebra. Kila nukta ilipewa namba mbili, na kila umbo likawa mlinganyo. Duara lenye nusu kipenyo 5 na kitovu kwenye makutano ya mihimili ni x² + y² = 25, na nukta (3, 4) iko juu yake kwa sababu 9 na 16 ni 25. Tangu hapo swali la kuchora linaweza kujibiwa kwa kukokotoa, na swali la kukokotoa kwa kuchora. Baadaye, mwaka 1736, Euler alichambua madaraja saba ya mji wa Königsberg na kuonyesha kwamba hakuna matembezi yanayoweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu. Urefu wa madaraja haukuwa na maana yoyote, ila tu namna yalivyounganisha sehemu za mji. Humo mna chimbuko la nadharia ya grafu na la topolojia, elimu ya sifa za maumbo zisizobadilika hata umbo likivutwa au kupindwa, mradi lisichanwe.

Kalkulasi ni hisabati ya mabadiliko, na ugumu wake umetiwa chumvi. Basi lililokwenda kilomita 180 kwa saa 3 lina mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, lakini askari wa barabarani mwenye tochi ya kupimia mwendo hajali wastani. Anataka mwendo wa pale pale. Utapimaje mwendo wa nukta moja ya wakati, ambamo basi halikusogea hata kidogo? Chukua nazi inayoanguka. Baada ya sekunde t imeshuka takriban mita 5t². Kati ya sekunde 1 na 1.1 inashuka mita 1.05, yaani wastani wa mita 10.5 kwa sekunde. Kati ya 1 na 1.01 wastani ni 10.05, kati ya 1 na 1.001 ni 10.005. Majibu yanaikaribia 10 bila kuifikia, na yanaweza kuikaribia kiasi chochote kitakachotakiwa. Hiyo 10 ndiyo kikomo, na ndiyo mwendo wa nazi pale sekunde 1 inapotimia.

Nusu ya pili ya kalkulasi inakwenda kinyume: kutokana na mwendo wa kila wakati, kutafuta umbali wote, au kutokana na mpaka uliopinda, kutafuta eneo. Archimedes alikuwa amekwisha kupima maeneo ya namna hiyo katika karne ya 3 KK. Sifa ya Isaac Newton, aliyeanza kazi hii miaka ya 1665 na 1666, na ya Gottfried Leibniz, aliyechapisha yake mwaka 1684, ni kutambua kwamba kazi hizi mbili hutanguana kama kujumlisha na kutoa. Ugomvi wa nani alitangulia uliwachosha wafuasi wao kwa miaka mingi na haukuongeza chochote katika hisabati. Dhana ya kikomo ilipata maelezo yasiyo na mashaka katika karne ya 19, kwa kazi za Cauchy na Weierstrass, na kutokana nayo likakua tawi pana la uchanganuzi.

Milinganyo inayohusisha kitu na kasi ya kubadilika kwake hutumika popote penye kukua au kupungua. Sensa ya Tanzania ilihesabu watu milioni 44.9 mwaka 2012 na milioni 61.7 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kasi hiyo ikidumu, idadi itaongezeka maradufu kila baada ya miaka 22 hivi.

Tawi la uwezekano lilitokana na kamari. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana kuhusu mchezo uliokatizwa. Wachezaji wawili wameweka sarafu 32 kila mmoja, na atakayeshinda raundi tatu kwanza achukue zote 64. Mmoja ameshinda mbili, mwenzake moja, na mchezo unasimamishwa. Wagawane vipi? Pascal alitazama mbele: raundi inayofuata ikienda kwa aliyetangulia, anachukua 64, ikienda kwa mwenzake, wako sawa na kila mmoja anastahili 32. Kwa hiyo aliyetangulia ana uhakika wa 32, na zile 32 nyingine zigawanywe nusu kwa nusu. Apewe 48, mwenzake 16. Misingi rasmi ya tawi hili iliwekwa na Mrusi Andrei Kolmogorov mwaka 1933. Jirani yake ni elimu ya kuhesabu michanganyiko, inayoeleza kwa nini namba ya siri ya tarakimu nne ina njia 10,000, na 5,040 tu kama tarakimu hazirudiwi.

Takwimu inapita njia hiyo hiyo kwa kurudi nyuma. Uwezekano huanza na kanuni na kutabiri matokeo. Takwimu huanza na matokeo na kutafuta kanuni. Hapa ndipo raia wa kawaida hudanganywa mara nyingi zaidi. Katika ofisi ya watu kumi, tisa wanalipwa shilingi 200,000 na mkuu wao 8,200,000. Wastani wa mshahara ni shilingi 1,000,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja anayekipata. Namba ya kati ni 200,000. Zote mbili ni sahihi kihesabu, na anayechagua ipi itangazwe anajua anachofanya.

Chini ya matawi haya yote iko mantiki na nadharia ya seti, zinazochunguza uthibitisho wenyewe. Mjerumani Georg Cantor alionyesha mwaka 1874 kwamba kutokuwa na mwisho si kwa aina moja: namba shufwa zinaweza kuoanishwa moja kwa moja na namba zote za kuhesabia, 2 na 1, 4 na 2, 6 na 3, lakini nukta za mstari haziwezi, kwa kuwa ni nyingi mno. David Hilbert alitarajia kwamba hisabati nzima ingejengwa juu ya madai machache ya mwanzo, na kuthibitishwa kuwa haijipingi. Mwaka 1931 Kurt Gödel alithibitisha kwamba mfumo wowote usiojipinga, wenye kanuni zilizo wazi na unaotosha kueleza hesabu ya kawaida, una madai ambayo hauwezi kuyathibitisha wala kuyakanusha, na kwamba hauwezi kujithibitishia kuwa haujipingi. Miaka mitano baadaye Alan Turing alijibu swali jingine la Hilbert: hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua, kwa kila dai, kama linathibitika au la. Ili kulijibu ilimbidi kwanza aeleze kwa usahihi maana ya kukokotoa kwa utaratibu, na mashine aliyoibuni kwa karatasi kwa ajili hiyo ndiyo iliyoweka msingi wa nadharia ya kompyuta.